Mwaka mmoja wa kujitolea Ujerumani: mwongozo kwa kijana wa kanisa kutoka Nyanda za Juu Kusini

Asubuhi ya tatu kazini nilikabidhiwa ndoo, glavu na mzee wa miaka tisini na moja. Sandukuni nilikuwa nimefungasha Biblia mpya, shati la kitenge la kuhubiria na mahubiri ya dakika kumi na tano niliyoyakariri kwa Kijerumani cha kubabaisha. Mahubiri hayo hayakuombwa na mtu mwaka mzima. Ndoo niliishika kila siku.

Nimeanza na ndoo makusudi. Vijana wa Tukuyu, Mbeya, Njombe na Iringa wanaokuja kuniuliza habari za kwenda kujitolea wana picha moja kichwani: wamisionari wa Kijerumani waliofika Rungwe mwaka 1891. Mtu anatoka mbali, anafika, anafundisha. Wanachotaka ni kuigeuza njia tu, safari hii Mnyakyusa aende kwa Mjerumani. Lakini hata hao wa 1891, kabla ya kufundisha lolote, walifundishwa kwanza Kinyakyusa na wenyeji, tena kwa kuchekwa. Wewe ndiko unakoanzia. Unakwenda kuwa mgeni asiyejua kuwasha jiko la watu, anayeelekezwa na bibi wa jirani namna ya kutupa takataka, na utumishi wako utapitia humo humo. Anayeondoka akilijua hili hurudi na mengi. Asiyelijua, ikifika Novemba analia bafuni.

Mlango wa kuingilia

Kuna milango miwili mikubwa. Wa kwanza ni utumishi wa hiari wa shirikisho, Bundesfreiwilligendienst, ulioanza mwaka 2011 Ujerumani iliposimamisha jeshi la lazima. Zamani kijana wa kule aliyekataa bunduki kwa sababu ya dhamiri alipelekwa kuhudumia wazee na wagonjwa. Jeshi la lazima liliposimama, nyumba za wazee zikabaki bila mikono hiyo, ndipo ukaja mpango wa hiari ambao hata mgeni anaweza kuingia. Kwa kawaida ni miezi kumi na miwili.

Mlango wa pili ni weltwärts, mpango wa wizara ya maendeleo ya Ujerumani. Ulianza mwaka 2008 kwa kuwaleta vijana wa Kijerumani huku kwetu, na mwaka 2013 ukafungua njia ya kwenda upande wa pili. Huu una mpaka wa umri: miaka 18 hadi 28. Mara nyingi milango hii hukutana: gharama zinatoka weltwärts, mkataba unakuwa wa utumishi wa shirikisho.

Huombi nafasi kama unavyoomba kazi. Unapitia kanisani. Mmoravian anaanzia ushirikani, anakwenda wilayani, kisha jimboni, Rungwe kwa Jimbo la Kusini au Mbeya kwa Kusini Magharibi. Mlutheri anaanzia usharikani hadi dayosisi yake, iwe Konde, Kusini, Kusini Kati au Iringa. Wa Iringa wameuzoea zaidi uhusiano wa Bega kwa Bega na Walutheri wa eneo la Saint Paul, Minnesota, ulioanza mwaka 1987. Huko ni Marekani, viza na taratibu zake ni nyingine kabisa, kwa hiyo usichukue ushauri wa mtu aliyekwenda Minnesota wiki tatu ukaufanya ramani ya kwenda Ujerumani mwaka mzima.

Muulize katibu wa vijana mapema kama kanisa lenu lina mshirika anayepokea vijana. Ukiambiwa hakuna, usikimbilie dalali wa mtandaoni. Mwaliko wa kweli unaonyesha mahali pa kazi kwa jina, saa za kazi, bima ya afya, malazi na posho ya mfukoni, na mkataba wa utumishi wa shirikisho hupita katika ofisi ya serikali yao iliyoko Köln. Anayekuambia utume laki nne kwenye namba yake ya simu ili "faili lisonge", huyo hana faili.

Kuna usaili. Swali la kwanza karibu siku zote ni kwa nini unataka kwenda, na karibu wote hujibu: kueneza Injili Ulaya. Si jibu baya, lakini halimsaidii anayekusikiliza, maana anatafuta mtu wa kumpeleka chekechea au kwa wazee. Mweleze ulichokwisha kufanya kwa mikono yako. Kama ulimwuguza bibi yako miaka miwili, sema. Kama umefundisha shule ya Jumapili watoto sitini darasa moja, sema. Msichana mmoja wa Makete aliulizwa ana ujuzi gani akajibu kwa unyenyekevu kwamba hana. Tulipomdodosa, kumbe ndiye huongoza jiko kwenye misiba ya mtaa wao, watu mia mbili wanakula kwa wakati. Alipata nafasi.

Karatasi, na jina lako

Anza mwezi Januari kama unatarajia kuondoka Agosti. Wengi huanza kazi mwanzoni mwa Septemba, na miezi hiyo saba inavyokwenda utadhani ni ng'ombe saba waliovunja zizi.

Kinachowakwamisha vijana wetu si fedha kama wanavyodhani, ni jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Tumaini, cheti cha kidato cha nne kinasema Hope, cheti cha ubatizo kina jina la tatu, na kitambulisho cha NIDA kimekula herufi moja ya ukoo. Huku tunaelewana. Ubalozini hao ni watu wanne. Kaa chini na vyeti vyako vyote mezani, soma herufi kwa herufi, na panapotofautiana nenda kwa wakili ukaape kabla hujaanza jambo jingine lolote. Kisha ndipo uombe pasipoti. Maombi unayajaza kwenye mtandao wa Uhamiaji, ada ni shilingi 150,000, na utatakiwa kuwa na NIDA na cheti cha kuzaliwa, chako na cha mzazi. Hapo kwenye cha mzazi ndipo wengine hugundua kwamba baba hajawahi kuwa nacho, wakaanza safari nyingine ya RITA, kwenye ofisi ya vyeti vya kuzaliwa.

Tafuta pia kadi yako ya kliniki ya utotoni. Usicheke. Tangu mwaka 2020 Ujerumani ina sheria ya surua: anayefanya kazi shuleni, chekechea au hospitalini lazima aonyeshe kwamba ana kinga. Kadi ikipatikana kwenye kabati la mama, umepona. Isipopatikana, nenda kituo cha afya uchanjwe upya na uandikiwe, na uulize hapo hapo kuhusu chanjo ya homa ya ini B kama utashika wagonjwa au wazee.

Viza inaombwa ubalozi wa Ujerumani, Umoja House, Dar es Salaam, kwa miadi. Unaomba viza ya muda mrefu, si ile ya miezi mitatu ya matembezi. Ada yake ni yuro 75, lakini waulize wanaokualika kama programu yenu inasamehewa. Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, na katikati kuna mlima wa Kitonga. Lori likilala Kitonga, miadi yako nayo imelala. Fika siku mbili kabla, lala kwa ndugu, piga pasi shati.

Ukiulizwa na afisa utafanya nini mwaka ukiisha, jibu ukweli unaoujua leo. Hili nitalirudia mwishoni kwa sababu lina uchungu wake.

Lugha

Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, ipo Dar, na cheti cha A1, ngazi ya chini kabisa, kinatosha kwa programu nyingi kukukubali. Hakitoshi kuishi. Kwa walio Mbeya au Njombe wasioweza kukaa Dar miezi mitatu, DW, shirika la utangazaji la Ujerumani, ina masomo ya Kijerumani mtandaoni ya bure kabisa, na bando la wiki linatosha ukipakua usiku.

Jifunze sentensi za kazi kabla ya sarufi. Je, unaumwa? Maji ni ya moto mno? Nikusaidie kuinuka? Jifunze pia neno *noch*, yaani bado, maana litakuokoa heshima: "Bado sijaweza" inasikika tofauti na "siwezi". Na ujiandae, Kijerumani cha darasani hakizungumzwi vijijini. Saksonia, jimbo la mashariki nilikokuwa, "ndiyo" ni *nu*, na wiki nzima ya kwanza nilidhani wazee wananikatalia.

Kisha kuna saa. Mjerumani akikuambia *halb acht*, maneno yake ni "nusu nane", naye anamaanisha nusu ya kuelekea nane, yaani saa moja na nusu kwa saa zetu. Kijana wetu anasikia nusu na nane, anakumbuka kwamba nane ya Kizungu ni saa mbili, anajumlisha, anafika saa mbili na nusu akitabasamu. Saa nzima imepita. Andika kwenye daftari, na ukipewa muda rudia kwa tarakimu: 7:30? Wote tulichelewa mara moja. Mara ya pili hawachekelei.

Kikao cha nyumbani

Kabla ya kufunga sanduku, omba kikao na familia. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayovunja watu huko.

Posho ya mfukoni ni posho ya mfukoni. Inatosha nauli, vocha, sabuni na soda, kwa kuwa nyumba, chakula na bima vimeshashughulikiwa. Lakini ukitaja kiasi kwa yuro mbele ya wajomba, kila mmoja atakizidisha kwa shilingi kimoyomoyo, na kufikia jioni umeshajenga nyumba ya bati Uyole. Usitaje kiasi. Sema: siendi kwenye ajira, nakwenda utumishini, kama mwinjilisti anavyotumwa kigango cha mbali. Baba au mama mkubwa ayaseme mbele ya wote, siyo wewe, kwa sababu neno la mtoto aliyeko ng'ambo halina uzito siku mtu anapodaiwa ada.

Mimi sikufanya kikao. Desemba nilipigiwa simu na watu saba kwa wiki mbili: ada, mbolea, bodaboda iliyoharibika, harambee ya paa la kanisa. Nikatuma nusu ya posho miezi mitatu mfululizo, nikawa nakataa mialiko ya vijana wenzangu kwa kukosa nauli ya treni, nao wakadhani siwapendi. Kama unataka kutuma, panga kiasi kidogo kisichobadilika kwa mtu mmoja, kwa mfano mama, na wengine wote waelekezwe kwake.

Mzigo

Watu wa Makete na Njombe hujidai: baridi tunaijua. Mnaijua ya Juni, ya kukaa na moto jikoni na blanketi begani. Ya kule nje inauma masikioni, halafu ukiingia ndani ni joto la kutoa jasho, kwa hiyo sweta moja zito ni kosa. Vaa nguo nyembamba kadhaa zinazovulika. Koti zuri la baridi linapatikana mitumbani Mwanjelwa kwa bei ya kuridhisha (inawezekana kabisa lilitoka huko huko unakokwenda). Viatu usinunue huku. Visubiri, uvijaribu na soksi nene.

Beba vitenge viwili vya zawadi, majani ya chai ya Mufindi au Tukuyu, picha za nyumbani zilizochapishwa kwenye karatasi kwa ajili ya wazee wasioona vizuri kwenye simu. Nyama na maziwa acha, forodha ya Ulaya hairuhusu.

Wiki za mwanzo

Ndani ya wiki mbili za kuhamia, unajiandikisha manispaa. Wanaita *Anmeldung*. Bila karatasi hiyo hakuna akaunti ya benki wala kibali cha kukaa. Fomu ina kipengele cha dini, nacho kina sababu: mwanachama wa kanisa kule hukatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya ile kodi yake ya mapato kutegemea jimbo. Wewe unayepokea posho tu haikugusi, lakini sasa umeelewa kwa nini ibada zao hazina mnada wa kuku na mkungu wa ndizi baada ya mahubiri, na kwa nini mchungaji hapigi hesabu ya sadaka kwa sauti.

Takataka zina ndoo zake kwa rangi: karatasi, plastiki, mabaki ya chakula, zisizo na kundi. Rangi hutofautiana kati ya mji na mji, kwa hiyo muulize mwenyeji siku ya kwanza. Chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji zina rehani ya senti 25, *Pfand*, unarudisha dukani kwenye mashine. Jumapili maduka yamefungwa, na ukikosa mkate Jumamosi jioni utaufunga mfungo usioupangia.

Salamu ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kwetu huwezi kumpita mtu mzima kimya, na Iringa mtu asiyeitika "kamwene" ana kasoro. Kule utampita mzee mlangoni ukainamisha kichwa na shikamoo tayari mdomoni, huna pa kuiweka. Heshima yao inakaa kwenye *Sie*, nafsi ya heshima, na kwenye jina la ukoo. Mwite Bwana au Bibi fulani mpaka mwenyewe akuambie vinginevyo. Mkubwa ndiye anayetoa ruhusa, na ukiipewa, hapo umepewa kitu.

Kazi yenyewe

Hapa nitakaa.

Wengi mtapangiwa chekechea, nyumba ya wazee, makazi ya wenye ulemavu au jikoni. Saa ni za mfanyakazi wa kawaida, karibu arobaini kwa wiki. Kwa anayefanya siku tano, likizo ni angalau siku 20, na kwa mwaka mzima wa utumishi kuna siku 25 za semina, ambazo usiziruke hata ukichoka, kwa sababu ndiko utakakokutana na wenzako na kugundua kwamba kilio chako si chako peke yako.

Watoto ni rahisi. Watakufundisha lugha bila huruma wala aibu. Wazee ndio mtihani, kwa sababu ya malezi yetu. Kwetu Rungwe mke wa mtu hupisha njia baba mkwe wake, na hata pale desturi hiyo ilipolegea, mwili wa mzazi haujawahi kuwa jambo la kijana. Halafu asubuhi moja unaambiwa umsaidie bibi wa watu kuoga. Mikono yangu ilikufa ganzi. Muuguzi akadhani nimechukizwa na mgonjwa, mimi nilikuwa najisikia kama nimemvua nguo nyanya yangu mbele ya ukoo.

Liseme hili siku ya kwanza, kabla halijakukuta. Mweleze msimamizi, hata kwa kutafsiriwa, kwamba kwenu kumwogesha mtu wa jinsia nyingine aliyekuzidi umri ni jambo zito, na unaomba uanze na wa jinsia yako, ukimtazama kwanza anayejua. Mahali penye akili watakubali. Nao wazee wenyewe wana aibu zao. Kuna bibi aliyekataa mwanamume amguse, na alikuwa na haki, iwe mwanamume huyo ametoka Tukuyu au Berlin.

Ukifika wakati wako, mwambie mzee kila unachotaka kufanya kabla hujakifanya. Jaribu maji kwa kiwiko chako. Anza na uso, na kama mkono wake bado unaweza, mpe kitambaa ajifute mwenyewe. Sehemu usiyoiosha ifunike kwa taulo. Usikimbize. Usiongee na muuguzi mwenzako juu ya kichwa cha mtu kana kwamba ni meza. Hapo ndipo ninapowakumbusha vijana ile karamu ya Yohana 13, Bwana akijifunga kitambaa kiunoni. Tumeihubiri mara ngapi Alhamisi Kuu? Petro alikataa kuoshwa miguu, na mimi siku zote nilidhani nafasi yangu katika habari hiyo ni ya mwoshaji. Yule mzee wa miaka tisini na moja alinifundisha mambo mawili: kuosha, na wiki nilipougua mafua makali, kukubali kikombe cha chai alichoniletea akitetemeka, nusu kimemwagika njiani.

Ujue pia mpaka wako. Kisheria mtu wa kujitolea ni msaidizi, hawekwi mahali pa mfanyakazi aliyeajiriwa. Hugawi dawa, hupigi sindano, wala hupaswi kuachwa peke yako na wodi nzima. Mwisho wa wiki mmoja niliachwa peke yangu na wazee kumi na wanane kwa saa tatu kwa sababu mtu aliugua na mbadala hakuitwa. Sikusema, nikidhani kusema ni kukosa shukrani. Mzee mmoja alianguka. Hakuvunjika, Mungu alisaidia, lakini mimi sikulala siku nne. Ningepaswa kumpigia simu msimamizi dakika ile ile, na Jumatatu kuiandikia taasisi iliyonipokea. Andika tarehe, saa na kilichotokea. Wenzetu wanaheshimu kilichoandikwa. Malalamiko ya mdomo unayoyatoa ukitabasamu kwa adabu ya kwetu hawayasikii kabisa, maana wanadhani unafurahi. Na mahali pa kazi panaweza kubadilishwa, hiyo ni haki ya kuombwa, wala si uasi.

Mzee atakufa mikononi mwenu. Karibu kila anayefanya nyumba ya wazee hulipata hili. Kule walifungua dirisha la chumba, wakawasha mshumaa mezani, wakaweka picha yake kwenye korido. Hapakuwa na kilio. Kwangu mimi, mtoto wa mahali ambapo msiba unasikika kutoka ng'ambo ya bonde, ule ukimya ulikuwa mzito kuliko kifo. Wiki iliyofuata kitanda kilikuwa na mtu mwingine. Omba ruhusa ya kwenda mazikoni, watakupa. Nami niliomba kukaa na marehemu dakika kumi nikaimba ubeti mmoja wa Kiswahili kwa sauti ya chini. Muuguzi mmoja, asiyeamini lolote kwa maelezo yake mwenyewe, alisimama mlangoni hadi mwisho, na tangu siku hiyo akawa ananiita mtu akikaribia kuondoka.

Kanisa la huko

Mashariki ya Ujerumani watu wengi hawana dini yoyote, ni mazao ya miaka arobaini ya serikali ya kikomunisti na ya miaka iliyofuata. Jumapili ya kwanza nilihesabu watu kumi na tisa katika kanisa la viti mia tatu, na mimi nilikuwa kijana peke yangu. Usiwahukumu haraka. Kumi na tisa wale walijua majina ya wagonjwa wote wa mtaa.

Mmoravian akipata likizo aende Herrnhut, huko huko Saksonia, chimbuko la kanisa lake. Mji ulianzishwa mwaka 1722, na kutoka hapo wamisionari wa kwanza waliondoka mwaka 1732. Kwenye makaburi yao mawe yamelala chini, sawa kwa sawa, tajiri na mtumishi. Mwaka 2024 uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Neno la siku tunalolisoma asubuhi kule Rungwe lilianzia hapo, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa cha mwaka 1731, na kuna siku nililisoma asubuhi nikampigia mama, naye alikuwa amelisoma lile lile saa moja kabla yangu.

Kwaya ndiyo njia ya mkato. Jiunge na ya mtaa hata kama huelewi maneno, noti hazina lafudhi. Ukiombwa "kuonyesha utamaduni" kila tamasha na ngoma, una ruhusa ya kukataa mara ya tatu.

Giza, na maneno ya barabarani

Desemba jua huzama karibu saa kumi jioni. Unaingia kazini gizani, unatoka gizani. Huzuni ya miezi hiyo si upungufu wa imani, hata kama utaisikia hivyo. Toka nje mchana hata dakika ishirini, kula, na umuulize daktari kuhusu vitamini D. Usijifungie na simu ya nyumbani kila usiku. Mimi niliweka siku mbili za kupiga, Jumatano na Jumapili.

Utatukanwa pia, pengine mara moja, pengine zaidi, kwenye basi au nje ya duka. Usijibizane na walevi kituoni usiku. Ingia dukani au kaa karibu na dereva, na hatari ikizidi piga 110 kwa polisi au 112 kwa dharura ya ugonjwa au moto. Kisha mwambie mtu siku hiyo hiyo. Mimi nilinyamaza, nikimlinda mwenyeji wangu asione haya kwa niaba ya mji wake. Alipojua baadaye ndipo alipoumia zaidi.

Kurudi, au kutorudi

Miezi mitatu kabla ya mwisho, swali litakuja: nibaki? Wapo wanaoendelea na mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu, yanayotaka Kijerumani cha ngazi ya kati, B1 au B2, na Ujerumani ina njaa ya wauguzi. Si dhambi. Kosa ni kulifanya kwa siri. Waambie mapema kanisa lililokutuma na taasisi iliyokupokea, ufuate viza yake halali. Mtu akizima simu wiki ya mwisho na kupotelea Berlin, anayelipa ni binti wa ushirika wa jirani ambaye mwaka unaofuata atakaa mbele ya afisa wa viza na kuulizwa maswali ambayo si yake.

Ukijiandaa kurudi, dai cheti cha utumishi kabla hujaondoka. Ni haki yako, na kinasomwa vizuri hata kwenye maombi ya chuo.

Kanisani utaitwa mbele utoe salamu. Watataka kusikia treni, theluji na magorofa, wape kidogo. Kisha usimulie ndoo. Watacheka, wazee wa kanisa wataguna, mama mmoja nyuma ataitikia "ndaga" kwa sauti. Baada ya ibada watakaokufuata nje kuuliza ndio wa kuanza nao Januari, na vyeti vyao mezani.

Koti lako lifue, usiliuze. Langu lipo ofisi ya vijana, kwenye ndoano nyuma ya mlango, limeshakwenda Saksonia mara tatu. Zipu imeharibika. Anayefuata alipeleke kwa fundi kwanza.